Sauti ya Sajenti

Kila alasiri, akishavua viatu vya shule, Ndinda alimwasha baba yake. Alibonyeza televisheni, akasukuma kaseti ndani ya video, akakaa sakafuni na kukumbatia magoti. Kioo kilitoa michirizi kidogo, kisha Ngui Kivuva akatokea, mkubwa kama kabati, amevaa koti la soja na kofia ya kumpwaya, amesimama mbele ya geti la tajiri. Watu walisukumana wapate kuingia harusini bila kadi. Ngui akainua kiganja, akawaambia kwa sauti nzito iliyotoka chini kabisa ya tumbo:

"Pole pole, jamani. Geti ni moja."

"Geti ni moja," akasema Ndinda naye, kwa kukoroma, kidevu kikigusa kifua. Alikuwa na miaka sita.

Mama yake, Wahu, alikuwa jikoni akikata sukuma wiki. Walikaa Uthiru, nyumba ya vyumba viwili katika ploti ya kupangisha ya mzee Zachariah Waweru, na ukuta kati ya jiko na sebule ulikuwa wa mbao, kwa hiyo kila lililosemwa kwenye televisheni lilimfikia akitaka asitake.

Neno hilo la geti lilijulikana Nairobi nzima. Ngui alicheza picha tatu tu za sinema, zote katika miaka ya themanini, na katika zote alikuwa mtu yule yule, Sajenti Mavumbi, soja wa geti asiyekuwa na cheo chochote ila alichojipa mwenyewe. Zilitosha. Kwenye foleni ya benki, kituo cha basi, hata kliniki ya watoto, mtu akisukumwa alisema geti ni moja, watu wakacheka na kutulia. Ngui alipokufa kwa ugonjwa wa figo, mwaka wa tisini na tatu, gari lenye spika lilitangulia mbele ya jeneza likirudia maneno hayo, na wanawake wa sokoni walilia wazi wazi barabarani. Mchungaji alisema mwili umelala lakini sauti yake haitakufa kamwe. Watu wakaitikia amina. Wahu peke yake hakuitikia, maana alijua kwamba sauti ile haikuwa imeugua hata siku moja. Ilikuwa inaishi Parklands, na ilivaa kilemba.

Ukweli ni kwamba sauti ya Ngui mwenyewe ilikuwa nyembamba. Mungu alimpa mwili wa fahali, kisha vifaa vikamwishia, akamtilia sauti ya mtoto aliyetumwa chumvi kwa jirani. Tena alikuwa na tabia ya kupandisha neno la mwisho juu, hata usijue kama anauliza au anaeleza. Alikuwa mtunza stoo katika duka la vifaa vya ujenzi la Kanubhai, huko River Road, na Kanubhai, ambaye pesa za misumari alizipeleka kwenye sinema, ndiye aliyeona ule mwili na ule uso na kusema huyu ndiye. Picha za siku hizo zilipigwa bubu, sauti ikatiwa baadaye studioni. Ngui alipofungua mdomo mbele ya maikrofoni, Kanubhai alishika kichwa. Ikabidi aliyekuwa akirekodi, Gurcharan Singh, Kalasinga wa kuzaliwa Mombasa mwenye kifua cha ngoma, aseme yeye badala ya Ngui. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, kwa picha zote tatu.

"Sasa wewe nyamaza kwa watu," Kanubhai alimwonya Ngui. "Cheka tu. Inua mkono. Watu iko sikia hiyo sauti yako, picha nakufa."

Ngui alinyamaza miaka kumi. Wateja walipomwomba, "Sajenti, hebu tuambie kidogo!" aliinua kiganja na kutabasamu, nao wakaenda wakisema umaarufu umempanda kichwani. Wachache waliomsikia akinong'ona kuhusu misumari walidhani ana mafua. Sauti yake aliitunza nyumbani. Watu hufungia vikombe vya wageni kabatini. Yeye alikuwa na kimoja ambacho wageni ndio hawakuonyeshwa.

Nyumbani aliongea mpaka kero. Alitoka kazini, akasimama na kila mtoto wa ploti, na alipoingia kuketi, chai aliyowekewa ilikuwa imekufa baridi. Alinusa kikombe, akasema, "Wahu, chai imepoa," huku neno likipanda juu, na katika miaka yote ya ndoa Wahu hakupata kujua kama hilo lilikuwa swali au lawama. Alimjibu vile vile kila siku: "Imepoa. Si wewe ndiye umechelewa?" Ngui naye kila siku alikuwa na kisingizio kipya. Ng'ombe wamelala barabarani. Kofia imepeperushwa na upepo akaifuata mpaka Kinoo. Siku moja alidai kwamba rais alimpungia mkono kutoka kwenye gari na ikabidi asimame kupunga mpaka msafara wote upite.

Alasiri hii, kisu mkononi, Wahu alitaka kukisikia kisingizio cha rais. Alikitaka tu, kama mtu anavyotaka maji. Akafunga macho, akamleta Ngui kwenye kiti chake, akampa kikombe, akangoja. Ngui akanusa, akasema, "Wahu, chai imepoa."

Ikatoka nzito. Ikatoka chini ya tumbo, na lafudhi ya Kimvita ndani yake.

Wahu alifungua macho, akajaribu tena. Ikatoka vile vile. Alijaribu kwa jina lake peke yake, akajaribu kwa kikohozi, akajaribu hata kwa wimbo wa kanisani ambao Ngui aliuharibu kila Jumapili. Kila mahali aliposimama mumewe, yule mwingine alikuwa amekwisha kufika na kufungua mdomo. Aliweka kisu chini.

"Ndinda," aliita. "Hebu kuja. Baba alikuwa anaongea aje?"

Ndinda akaja mlangoni, akakunja kidevu. "Pole pole, jamani..."

"Si kwa TV. Hapa kwa nyumba. Akikubeba. Akikuambia ulale."

Mtoto alifikiri sana, kwa uaminifu wote wa miaka sita. "Ndinda, lala," akasema, kwa kukoroma. "Si hivyo, mummy?"

Wahu alisema ni hivyo, akarudi kwenye mboga. Ni yeye mwenyewe aliyeiacha kaseti ile ilee mtoto. Kanubhai aliileta pamoja na video baada ya mazishi, badala ya maua, na mtoto alipoitazama hakulia, na Wahu aliyekuwa amechoka kusikia kilio alishukuru. Sasa aliona alichokifanya. Alikuwa amefiwa na Ngui mara moja mbele ya watu, na sasa alikuwa anafiwa naye mara ya pili, na msiba huu hauna matanga wala wa kumwambia pole.

*

Kesho yake alishuka mjini kwa Kanubhai. Aliketishwa kwenye benchi kati ya mabati na makopo ya rangi, angoje mzee amalize na simu. Kijana wa kaunta hakuweza kujizuia, akamnong'oneza mteja, na mteja akageuka mzima mzima.

"Ati wewe ndio bibi ya Sajenti?"

"Ndiyo."

"Aki, pole sana mama. Huyo mtu alikuwa anatuchekesha! Na niambie, hata kwa nyumba alikuwa anasema geti ni moja?" Alimkonyezea kijana wa kaunta. "Hata usiku?"

Walicheka. Wahu naye alicheka kidogo, kwa sababu mjane wa mtu wa kuchekesha hana ruhusa ya kununa, akaangalia mikono yake mpaka Kanubhai alipomwita nyuma.

Kanubhai alikuwa amezeeka, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Alifurahi kwa dhati kumwona. "Mama Ndinda! Mimi nilitaka tuma mtu kwako. Jumamosi ijayo, sinema yangu, saa nane mchana. Mwaka moja ya Ngui. Nafungua mlango bure, watu wote. Angalia." Alikunjua bango. Lilikuwa na uso wa Ngui, kiganja juu, na chini yake maandishi mekundu: SAUTI HAIFI.

Wahu alilitazama kwa muda. "Kanubhai, nimekuja kuuliza kitu. Ile siku ya kwanza kwa studio, Ngui alisema mwenyewe kwanza. Mlirekodi."

"Narekodi, ndiyo."

"Hiyo tepu iko wapi?"

Kanubhai alivua miwani ambayo hakuwa ameivaa. "Kwa nini wewe nataka hiyo?"

"Nimesahau sauti yake." Alilisema bila kuzunguka, na alipolisikia nje ya mdomo wake aliona aibu, kana kwamba amekiri wizi. Mke wa mtu, mwaka mmoja tu. "Nikimkumbuka nasikia Singh. Na mtoto hajui kama kulikuwa na ingine. Nipatie hata neno moja. Hata kama anakosea."

Mzee alikaa chini juu ya mfuko wa saruji. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu asiyetupa kitu. "Mama, tepu ile siku ilikuwa natoka London. Moja moja. Sisi hapana tupa tepu. Singh alirekodi juu yake." Akaongeza polepole, "Ile 'geti ni moja' ambayo watu wote napenda, iko juu ya Ngui. Pale pale. Mimi ndiyo nilisema afute."

Maji yakimwagika hayazoleki. Wahu aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama mtu aliyeambiwa kwamba dukani hamna saizi anayotaka.

"Lakini wewe utakuja Jumamosi?" Kanubhai aliuliza. "Na mtoto? Watu nataka kuona nyinyi."

Aliahidi kuja. Angekataaje? Bango lilikuwa limeshachapwa.

*

Saa nane haijafika, watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye lami. Bure ni neno linalosikika mbali. Walikuwepo makarani kwa tai, wauza magazeti, akina mama na watoto mgongoni, wazee wa Kihindi wa mtaa ambao hawakuwa wamekanyaga sinema tangu video iingie nchini, na vijana waliokuwa wadogo sana picha zile zilipotoka, lakini wanazijua neno kwa neno. Wengi walikuwa wamevaa makoti marefu na kofia kubwa kwa kumkumbuka. Wahu alisimama kando ya mlango amemshika Ndinda mkono, akawaona akina Ngui kumi, kumi na tano, wote wakikoroma. Alikuwa hajawahi kujisikia mpweke hivyo katikati ya watu.

"Mke wa Sajenti! Mpisheni mke wa Sajenti!" walimwita, lakini hakuna aliyempisha. Mlango ulikuwa umefunguliwa ubavu mmoja. Wale wa nyuma wakasukuma. Mwanamke mmoja alipiga kelele kwamba mtoto wake anakanyagwa. Bawabu wa sinema, mtu mzima aitwaye Were, alitandaza mikono akapiga filimbi, nayo filimbi ikazidi kuwachochea.

Gurcharan Singh alikuwa amesimama nyuma ya bawabu huyo, ndani ya kivuli cha mlango. Hakuwa amekuja kuonekana. Alikuwa amevaa suti ya kijivu iliyomkaa alipokuwa mnene, na ndevu zake zilikuwa zimegeuka nyeupe zote. Aliona mwanamke yule anayepiga kelele, akaona mtoto wake akididimia kati ya miguu, akasahau nafsi yake.

"Pole pole, jamani!" alisema. "Geti ni moja!"

Umati wote uliganda. Kwa kitambo kidogo hata magari yalikuwa kama yamezimwa. Were aliteremsha mikono. Mtu mmoja akavua kofia.

Kisha wakaona nani amesema, na kicheko kikapasuka. "Kalasinga! Kalasinga anamuiga Sajenti!" Kijana mwenye koti refu kuliko yote alimpigapiga Gurcharan begani. "Umejaribu, Singh. Umejaribu sana. Lakini bado haujafika. Sajenti alikuwa na kitu hapa." Akajigonga kifua. Gurcharan aliinua kiganja, akatabasamu.

Ni Ndinda peke yake ambaye hakucheka. Wahu aliusikia mkono mdogo ukichomoka kwenye wake. Mtoto alipita chini ya viwiko, chini ya makoti, akafika, akakumbatia suruali ya kijivu kwa mikono yote miwili.

"Baba!"

"Ndinda!" Wahu alijipenyeza. "Ndinda, achilia mtu!"

"Ni Baba! Mummy, ni Baba, nimemsikia!" Aliinua uso kumtazama, akaona kilemba, akaona ndevu, na bado hakuachia. Alijaribu kukubali. Hilo ndilo lililomuumiza Wahu kuliko yote, kuona jinsi mtoto alivyokuwa tayari kukubali ndevu, kilemba na kila kitu, mradi sauti ile iseme tena. "Sema," alimwambia. "Sema, Ndinda lala."

Mwanamke fulani akasema, "Woiye, mtoto maskini, amechanganyikiwa," na mwingine akauliza kwa nini mama mwenyewe hamfundishi. Wahu alimbandua Ndinda kidole kwa kidole. Alikuwa analia waziwazi, na kwa kuwa alikuwa mjane katika kumbukumbu, kila mtu alidhani anajua anachomlilia.

Gurcharan aliinama mpaka mdomo wake ukawa karibu na sikio la Wahu, akanong'ona ili mtu mwingine asisikie. "Nisamehe, bibi. Sikuwa na haki ya kulitamka lile neno. Naomba nije kwako kukupa pole kama inavyopasa. N'takuja mchana, wala sitakaa."

Hawakuingia kutazama picha. Kanubhai alipanda jukwaani na kutangaza kwamba familia imezidiwa na huzuni, na watu wakapiga makofi.

*

Gurcharan alikuja Jumapili, baada ya ibada, na mkoba wa machungwa. Watoto wa ploti walimsindikiza hadi mlangoni. Wahu alimkaribisha kwenye kiti cha Ngui kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kumtosha, akamwekea chai, akaketi ng'ambo ya meza. Ndinda alisimama karibu na pazia, akimtazama mgeni mdomoni.

Kwa muda mrefu mgeni hakusema kitu. Wahu alielewa. Mtu huyu alikuwa anaogopa kuongea mbele ya mtoto.

"Sema tu, Bwana Singh," alimwambia. "Hiyo ni sauti yako. Mungu ndiye alikupa."

"Nalipewa mimi, lakini sikai nayo," alisema Gurcharan. Ndinda alishtuka, lakini hakusogea. "Bibi, mimi nikipanda basi hunena Kiingereza. Sokoni huonyesha kwa kidole. Mara moja nalisahau, nikamwambia konda anishushe pale mzunguko wa Westlands, gari zima likanigeukia. Kanubhai alitukataza sote wawili. Mumeo asinene akaiharibu, na mimi nisinene nikaifichua. Tulikuwa watu wawili na sauti moja, na tukitoka nje, sote mabubu." Alicheka kidogo. "Mke wangu Gurmeet alikuwa akisema ameolewa na redio iliyozimwa. Naye keshakwenda. Wanangu wako Kanada. Basi hata nyumbani sasa sina wa kunena naye."

Wahu alisogeza kikombe karibu na mkono wa mgeni. Alikuwa amejiandaa kumchukia huyu mtu, alikuwa na wiki nzima ya kujiandaa tangu siku ile ya jikoni, na sasa hakujua auweke wapi mzigo huo.

"Mlifanya aje?" aliuliza. "Ngui hakuniambia. Alikuwa anaona haya."

"Tulikaa hivi." Gurcharan alivuta stuli akaiweka ubavuni mwa kiti, bega kwa bega. "Picha inakwenda mbele yetu, bubu. Mimi siwezi kujua lini mdomo wafunguka, lini wafungwa. Yeye ndiye ajuaye, mdomo ni wake. Basi anaweka kinywa hapa sikioni kwangu, ananinong'oneza neno kwa sauti yake, nami nalisema papo hapo kwenye maikrofoni. Kila neno la Sajenti, bibi, yeye alilitangulia. Picha tatu. Usiku nikilala nalimsikia yeye, si mimi."

Wahu alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Unamsikia mpaka leo?"

"Vizuri sana."

"Yake? Ile nyembamba?"

"Yake. Na mwisho inapanda hivi." Akainua kidole hewani.

Wahu aliinuka, akakaa tena. Alimwita Ndinda kutoka kwenye pazia, akamsimamisha katikati ya magoti yake, akamshika mabega. "Ndinda, sikiza vizuri. Huyu mzee anajua vile Baba alikuwa anaongea. Si ya TV. Ya kweli. Ya hapa kwa nyumba. Mzee, tafadhali. Mwambie alale. Vile Ngui angesema."

Gurcharan alivuta pumzi. Alikaza koo, akakunja mabega, mtu mzima mwenye kifua cha ngoma akijipunguza kuwa mwembamba ndani ya suti yake. Ikatoka ndogo, ya puani kidogo, yenye vumbi la kwao Mwingi ndani yake, neno la mwisho likipanda juu na kusimama huko bila kushuka.

"Ndinda, lala."

Wahu alifunika mdomo kwa kiganja. Ilikuwa yeye. Ilikuwa Ngui, mlangoni, na matope kwenye viatu.

Ndinda alimtazama mzee, akamtazama mama yake, kisha akacheka. Alicheka kwa moyo mweupe, jinsi watoto wanavyocheka mtu mkubwa akijifanya paka.

"Huyo si Baba!"

"Ni yeye, Ndinda. Sikiza tena. Ulikuwa unakaa kwa mabega yake, anakuimbia. Sikiza."

"Si Baba. Hiyo ni ya kuchekesha." Alimgeukia Gurcharan, akamwekea mkono kwenye goti, kwa adabu. "Sasa fanya ya kweli."

Gurcharan alimwangalia Wahu amwambie afanyeje. Wahu alitikisa kichwa. Mtoto hawezi kulazimishwa kukumbuka. Ndani yake hakikuwa kimebaki kitu cha kukumbushwa. Mwaka ni mrefu kwa mtu wa miaka sita, na kaseti ilikuwa imepita hapo kila siku ya Mungu ikirekodi juu yake.

"Basi mfanyie," Wahu alisema.

"Ndinda, lala," akasema Gurcharan kwa sauti yake mwenyewe, ya chini ya tumbo, na mtoto akashusha pumzi na kumwegemea kwenye mkono. Baada ya kitambo alichukua chungwa, akatoka kwenda kuwaringia wenzake nje kwamba ana mgeni.

Walibaki wawili. Kutoka ua wa ploti zilisikika sauti za watoto, na redio ya mzee Waweru ikisoma matangazo ya vifo. Gurcharan alianza kutafuta mkoba wake.

"Samahani, bibi. Nadhani nimekosea mahali."

"Hujakosea." Wahu alikuwa anatazama meza, si yeye. "Mimi ndiye nimebaki peke yangu kumjua. Basi. Sasa nimejua hivyo." Kisha akasema haraka, kama mtu anayeomba kitu kisichofaa kuombwa na mke wa watu kwa mwanamume wa watu, "Ungefanya tena? Moja tu. Si ya mtoto."

"Neno gani?"

"Sema: Wahu, chai imepoa."

Gurcharan alirudi kitini. Alikichukua kikombe, ambacho kwa maongezi yote yale hakuwa amekigusa, akakiinua karibu na uso. Wahu alifumba macho.

"Wahu, chai imepoa."

"Imepoa," alijibu. "Si wewe ndiye umechelewa?"

Alingoja kisingizio, kichwa kimeinama upande mmoja, tabasamu limeanza. Gurcharan alishika kikombe kwa mikono miwili. Maneno yaliyofuata hapo hakuwa amefundishwa.